MJADALA: Final Fantasy Tactics ya 2025 imeacha nyongeza za 2007. Imetendewa haki au imepunjwa?

Kobe Mzee
Wakuu, tuanze na msingi ili tusibishane hewani. Gemu hii ya kupanga vita kwa zamu ilitoka Japani tarehe 20 Juni 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, Marekani ikafika Januari 1998. Mwaka 2007 ikarudi kwenye PSP ikiitwa The War of the Lions, ikiwa na kazi (aina za wapiganaji) mbili mpya, Dark Knight na Onion Knight, pamoja na wageni wawili kutoka gemu nyingine za Ivalice, ulimwengu wake wa kubuni, Balthier na Luso. Tarehe 30 Septemba 2025 Square Enix wakatoa The Ivalice Chronicles. Ndani yake hakuna hata mmoja kati ya hao wanne. Mimi nasema huo ni upunjaji. Mtu akikuuzia kitu mara ya tatu, asikupe pungufu ya mara ya pili.

Fundi Saa
Mkuu, hapo nakupinga mchana kweupe. Hebu piga hesabu ya Dark Knight mmoja: ujifunze ujuzi wote wa kazi za Knight na Black Mage, ufikishe levo 8 kwenye kazi nyingine nne, Dragoon, Samurai, Ninja na Geomancer, kisha mhusika huyohuyo awe ameua maadui 20. Utarudia vita vya porini mpaka vidole viote sugu. Na ukishampata, utampeleka wapi? Sura ya 4 inakupa shujaa Orlandeau bure, na upanga wa Excalibur unaompa Haste, yaani wepesi wa ziada, tangu zamu ya kwanza. Anapiga kutoka mbali bila kusubiri na bila kutumia MP, akiba ya nguvu za uchawi. Dark Knight ni funguo ya mlango ambao tayari uko wazi.

Onion Knight ndiyo usiseme. Hana ujuzi wa kutumia vitani, na levo yake inapanda kwa kumaliza kazi nyingine. Hiyo ni kazi ya kuonyesha watu, si ya kupigania.

Binti Shangani
Mnabishana kuhusu matawi, shina mmeliacha. Yasumi Matsuno, aliyeibuni gemu hii, hakuanzia Square. Alikuwa kampuni ya Quest, akatengeneza Ogre Battle: The March of the Black Queen mwaka 1993 na Tactics Ogre: Let Us Cling Together mwaka 1995, zote kwenye Super Famicom ya Nintendo, ndipo akahamia Square. Uwanja unaotazamwa kwa mshazari, wenye vimo, na kila askari kuwa na zamu yake badala ya upande mzima kucheza kwa pamoja, hayo yalikuwemo Tactics Ogre. Fire Emblem ya 1990 ilikuwa bado ya upande kwa upande, kama bao: ukimaliza wewe, namaliza mimi. Square waliongeza mfumo wa kazi wa Final Fantasy, mapambano yakasukwa na Hiroyuki Ito, na kikosi kikapunguzwa kutoka watu kumi hadi watano.

Kwa hiyo swali langu kwa kila toleo ni moja: limekaa karibu na shina au limeenda mbali? Kwa kipimo hicho Balthier na Luso ni matangazo ya biashara yaliyovaa silaha. Sina machozi nao.

Kwenye lugha ndipo nalia. Majina hayo ya Matsuno yametoka kwa bendi ya Queen. Ogre Battle na The March of the Black Queen ni nyimbo mbili za albamu ya 1974, na mtunzi wa zote mbili ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946. Sura ya 4 ya gemu yetu, kwa Kijapani, imebeba jina lilelile ambalo Wajapani waliupa wimbo wake wa Somebody to Love. Tafsiri ya 1998 ililitambua ikaandika Somebody to Love. Tafsiri ya 2007 ikaandika In the Name of Love, uzi ukakatika hapo.

Kobe Mzee
Dada, tafsiri ya 1998 usiitetee sana. Ni ileile iliyolifanya joka la barafu lishambulie kwa "Ice Bracelet", yaani bangili! Kijapani kiliandika buresu, pumzi, mfasiri akaona kipande cha neno la bangili. Mazungumzo mengine huelewi nani anamsaliti nani, na hii ni hadithi ya usaliti mwanzo mwisho: makabaila Larg na Goltana wanagombea kiti kwa mgongo wa mtoto, Delita, rafiki wa Ramza, anawatumia wote, na Ramza mwenyewe, mhusika mkuu, anafutwa kwenye historia. Kiingereza cha 2007 ni cha kizamani, kinataka subira, lakini angalau unafuata mambo.

Binti Shangani
Bangili nakubali, kaka, hiyo haina wakili. Lakini angalia walichofanya 2025. Kuna njia mbili: ile iliyoboreshwa, yenye sauti za waigizaji, na ile inayoitwa Classic. Hiyo Classic ina mchezo wa 1997 na maneno ya 2007. Ya 1998 haipo popote ndani ya toleo. Sasa hiyo "asili" ni ya mwaka gani?

Mpiga Chapuo
Mnaolilia nyongeza mmesahau hali ya PSP yenyewe. Kila ulipopiga uchawi mkubwa picha zilikwenda kwa kujikokota na sauti ikachafuka, mpaka mashabiki wakatengeneza kiraka chao cha kuondoa mkwamo. Tena jueni hili: msimbo chanzo wa 1997, yaani maandishi ya programu yenyewe, haukutunzwa. Waliofanya kazi ya 2025 chini ya Kazutoyo Maehiro, ambaye alikuwemo kwenye timu ya awali, walilazimika kuijenga upya kwa kuchunguza matoleo yaliyokuwepo.

Kwangu mimi hoja nzito ni kasoro gani ya zamani iachwe na ipi irekebishwe. Chukueni ngome ya Riovanes. Vita vitatu mfululizo. Baada ya kile cha getini gemu inakuuliza kama unataka kusevu. Ukikubali, na huna faili jingine, umejifungia: vita vya pili Ramza anasimama peke yake mbele ya adui Wiegraf, na huwezi kurudi kwenye ramani kununua kitu wala kupandisha levo. Ramza dhaifu hapo ni mwisho wa safari yako. Memori kadi ilikuwa na bloku 15, lakini gemu haikukuonya utumie ya pili.

Dawa yake, kwa anayecheza la zamani: mpe Ramza Auto-Potion, ujuzi wa kazi ya Chemist unaomnywesha dawa mwenyewe anapopigwa. Inajibu kwa asilimia sawa na Ujasiri (Brave) wake, kwa hiyo Ujasiri 70 ni mara 70 kati ya 100. Inaanza na dawa ya bei rahisi, basi uza Potion na Hi-Potion zote, ubaki na X-Potion tu. Kisha tumia Yell, ujuzi unaoongeza Kasi 1 kila mara, mpaka upate zamu mbili kwa moja yake. Halafu ndiyo umpige.

Vita vya tatu, juu ya paa, havina hata hesabu. Rafa, binti unayetakiwa kumlinda, anajiendesha mwenyewe, anawakimbilia wauaji, na anaweza kufa kabla wewe hujapata zamu hata moja. Akifa umeshindwa. Huo si ugumu, ni kamari.

Fundi Saa
Ya paa nakubali. Ya Wiegraf sikubali. Duweli ile inauliza kama umeuelewa mfumo wa zamu, na mfumo wenyewe ni hesabu ya darasani. Kila mdundo wa saa ya gemu, CT ya mhusika, yaani kipimo cha kusubiri zamu, inaongezeka kwa Kasi yake. Ikifika 100 anacheza. Mwenye Kasi 8 anafika 104 kwenye mdundo wa 13. Akitembea na kupiga, inakatwa 100, anabaki na 4, anasubiri midundo 12. Akifanya kimoja tu inakatwa 80, midundo 10. Asipofanya chochote inakatwa 60, midundo 7. Wengi wanaoshindwa wanatembea kila zamu bila sababu, wakidhani hatua ni bure.

Ndiyo maana nasifu njia iliyoboreshwa kwa kuweka foleni ya zamu pembeni ya skrini muda wote, na kwa kusevu yenyewe. Hayo yanafundisha. Kuongeza kazi mpya hakufundishi.

Kobe Mzee
Basi mmenisogeza nusu hatua. Balthier na Luso wachukueni. Ila kuna ngazi tatu za ugumu ndani ya toleo hilo, na ya juu inaitwa Tactician. Waliweza kugusa nguvu za maadui wakaziita Tactician, washindwe kumweka Dark Knight kama swichi ya kuwasha na kuzima?

Mpiga Chapuo
Swichi ikiwashwa, mkuu, nani atapigana naye? Adui wa Sura ya 4 walipangwa mwaka 1997 bila kumjua. Utahitaji vita vipya vya kumpima. PSP ilikuwa na vita vya wachezaji wawili, hapo angalau alikutana na Dark Knight mwenzake.

Binti Shangani
Na vita vikiongezwa, majina yake msimpe yule wa bangili.