Tupeane uzoefu: kuongeza uzito kwa afya kabla ya kwenda jeshini, kwa sisi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mwanzilishi wa mada, Veyula

Ndugu zangu, habari za jioni. Naishi Veyula, si mbali na Makutupora penye kambi ya jeshi, na vijana wengi wa huku hukua wakitamani kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kila mwaka nafasi zinapotangazwa, wapo wanaonijia na swali lile lile la namna ya kunenepa upesi, na kila mara natamani wangekuja miezi mitano kabla. Nimefungua mada hii ili kila aliyepita njia hii aeleze alichokula, alichofanya na alichokosea. Naomba tuzungumzie vyakula vya huku kwetu, kwa maana kijana wa Chamwino hasaidiwi na orodha ya vyakula ambavyo havipo Soko la Majengo wala jikoni kwa mama yake.

Naanza mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 19 urefu wangu ulikuwa sentimita 174 na uzito wangu kilo 51. Mhudumu wa zahanati alinipima bila viatu, akachukua karatasi, akazidisha urefu wangu wa mita kwa urefu huo huo, kisha akagawanya kilo zangu kwa jibu alilolipata, ikatoka 16.8. Alinieleza kwamba kwa mtu mzima hesabu hiyo ikiwa chini ya 18.5 uzito ni pungufu, na kwamba hali inayofaa ni kati ya 18.5 na 24.9, hivyo kwa urefu wangu nilihitaji kufikisha walau kilo 56. Nilitoka pale nikiwa na namba ya kuifuata, wakati tangu utotoni nilikuwa nimeambiwa tu kwamba nimekonda.

Kisha aliniuliza siku yangu inapitaje, na hapo ndipo tatizo lilipoonekana. Ulikuwa mwezi wa nne, uwele unakomaa, na kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Aliyewahi kuamia ndege anajua kwamba unafika shambani kabla ya jua, kwa sababu kweleakwelea hawamsubiri mtu, na unazunguka na kombeo lako hadi jioni huku tumboni ukiwa na kiporo cha ugali na mabua ya mtama uliyotafuna njiani. Mlo wangu wa maana ulikuwa mmoja tu, wa usiku. Nyumbani walisema mwili wangu haushiki chakula, lakini ukweli ni kwamba chakula nilichokula hakikulingana na mwendo niliokuwa nikiutembea.

Mama yangu ndiye aliyebadilisha mambo, na kwa vitu vilivyokuwa ndani. Kila asubuhi alikaanga karanga kikombe kimoja cha bati, akazitwanga kwenye kinu hadi zikaanza kutoa mafuta na kunata kwenye mchi, kisha akazikorogea kwenye uji wa uwele wa familia nzima pamoja na maziwa. Mimi niliongezewa kiganja kimoja cha karanga cha kwenda nacho shambani, na ugali wa mchana, ambao mdogo wangu aliniletea. Jioni mlenda wangu ulipikwa na karanga, au kunde zangu ziliongezwa kijiko cha mafuta ya alizeti. Baadaye nilikuja kufanya hesabu: kiganja cha karanga cha gramu 30 kina takribani kilokalori 170, kijiko kikubwa cha mafuta kina kama 120, na kikombe cha maziwa kina kama 150. Jumla yake inafika 440, na nyongeza ya kilokalori 300 hadi 500 kwa siku ndiyo inayompandisha mtu taratibu bila kumjaza tumbo.

Chakula peke yake hakikutosha, kwa sababu nilitaka kilo zinazoweza kukimbia. Mara tatu kwa wiki nilipiga pushapu, nilichuchumaa na kusimama nikiwa nimekumbatia dumu la maji la lita 10, baadaye la lita 20, na nilijinyanyua kwenye tawi la mwarobaini ulio nyuma ya nyumba. Siku mbili nyingine nilikimbia, nikianza na dakika 15. Siku zilizobaki nilipumzika, na ninasisitiza kupumzika, kwa sababu misuli hujengeka wakati mtu amelala na ameshiba.

Mwezi wa saba uzito haukupanda hata kidogo. Nilikuwa nimekwenda Kibaigwa kupakia magunia ya mahindi, na kazi ile ilikula kila nilichoongeza. Nilipoelewa hivyo niliongeza mlo wa saa nne asubuhi, viazi vitamu na mayai mawili, na mizani ikaanza kusogea tena. Mwezi wa tisa nilikuwa na kilo 58, yaani nilipanda kilo saba kwa miezi mitano, na niliweza kukimbia kilomita tano bila kusimama. Niliingia JKT nikiwa na mwili huo. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Kongwa

Asante, kaka, kwa kufungua mada. Nitaeleza kosa langu ili dada zangu wasilirudie. Nilikuwa na kilo 43, na nikapewa muda mfupi wa kujiandaa baada ya jina langu kupita ngazi ya wilaya. Rafiki alinielekeza kwa muuza dawa mmoja, ambaye alinipa vidonge vya aina mbili vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, kimoja cha asubuhi na kimoja cha usiku. Ndani ya wiki tatu mashavu yalijaa, watu wakanisifu, na mizani ikasoma kilo 49. Lakini nilikuwa nasinzia mchana, miguu ilivimba, na nilipojaribu kukimbia niliona pumzi inakatika kabla sijafika mwisho wa barabara ya mtaa wetu.

Nilipovipeleka hospitali kuonyesha, daktari aliniambia kwamba kwa maelezo yangu kimoja kinafanana na siproheptadini, inayoamsha hamu ya kula na kuleta usingizi, na kingine ni deksamethasoni. Alinieleza kwa utaratibu sana, na sijasahau: deksamethasoni ni dawa nzito ya kutibu maradhi maalumu, na mtu akiinywa ovyo kwa muda mrefu hujaza maji mwilini na mafuta usoni, huku ikidhoofisha misuli na mifupa, ikipandisha sukari na shinikizo la damu na kushusha kinga. Alinionya pia nisiache ghafla, kwa sababu mwili unaweza kuwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe, akanipangia namna ya kuipunguza. Kilo zile sita ziliondoka karibu zote, na mwaka ule sikwenda popote. Nilikwenda mwaka uliofuata kwa uji wa lishe, maharage, dagaa na mazoezi, nikiwa na kilo 48 ambazo zilikuwa zangu kweli. Ninaumia kila ninapoona vidonge vile bado vinauzwa kwa mabinti kwa jina la vitamini.

Mchangiaji kutoka Bahi

Habari zenu wakubwa. Mimi nilikula kama alivyoeleza kaka wa Veyula, kwa miezi miwili, na sikupanda. Wali upo kwetu, samaki wapo, na nilikula vizuri kuliko wenzangu. Nimelima mpunga tangu nikiwa mdogo, miguu ndani ya maji, na tangu shule ya msingi nilikuwa naona damu mwishoni mwa mkojo. Wenzangu wengi walikuwa nayo pia, kwa hiyo tuliichukulia kama sehemu ya kukua na hatukumwambia mtu.

Nilipopima nilikutwa na kichocho, na wekundu wa damu ulikuwa chini. Nilipewa prazikwanteli kwa kiasi kilicholingana na uzito wangu, na vidonge vya madini ya chuma, na mhudumu akanishauri niache kunywa chai pamoja na chakula, kwa sababu majani ya chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Tangu hapo chai nakunywa saa moja au zaidi baada ya kula. Ndani ya miezi mitatu nilipanda kilo nne kwa chakula kile kile ambacho hapo awali hakikufanya kitu. Kijana anayesoma hapa na ana dalili kama zangu, tafadhali aende kupima wiki hii, asisubiri kupimwa kwenye usaili.

Mchangiaji kutoka Singida, tabibu mstaafu

Wanangu, nimefurahi kusoma, na kijana wa Bahi amegusa jambo ambalo nililiona kwa miaka mingi ya kazi. Mtu aliyekuwa mwembamba tangu utotoni, anayekula, anayelala na ana nguvu zake, mara nyingi ana maumbile hayo, na atapanda akila zaidi. Mtu aliyekuwa na kilo zake kisha zikapungua bila yeye kupunguza chakula ni habari nyingine kabisa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na homa za jioni vinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara vinahitaji kipimo cha sukari. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka kunaweza kutoka kwenye tezi la shingo. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kisiogopwe, na dawa za minyoo zinywewe kwa ushauri wa kituo cha afya.

Nimeona pia vijana wanaokunywa mafuta kwa kikombe, au wanaokula mayai mabichi sita kila asubuhi wakiamini ndiyo nguvu ya kijeshi. Yai bichi linaweza kubeba vimelea vya kuharisha, na protini yake huingia mwilini kidogo kuliko ya yai lililopikwa. Yai moja lina takribani gramu sita za protini, na kijana wa kilo 55 anayefanya mazoezi anafaa kupata kati ya gramu 66 na 88 kwa siku kutoka vyakula vyote. Mkichanganya maharage, karanga, maziwa, yai moja au mawili na dagaa, mnafika bila kuuza mbuzi wa baba.

Mchangiaji kutoka Nzuguni

Mimi nilikuwa wa mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria, yale ya wanaomaliza kidato cha sita. Nilimaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano, nikarudi nyumbani kutoka shule ya bweni nikiwa nimekonda, na nilikuwa na majuma machache tu. Nilijishindilia chakula hadi nikaugua tumbo, kisha sikukimbia hata siku moja kwa hofu ya kupoteza kilo mbili nilizopata. Wiki ya kwanza kikosini kilo hizo zilikwisha, na magoti yaliniuma kwa sababu miguu haikuwa imezoea mbio wala kwata. Kama muda ni mfupi, ningeshauri kijana atumie siku hizo kuzoesha mapafu, miguu na usingizi wa kuamka saa kumi alfajiri, na ale kawaida mara nne kwa siku.

Mchangiaji kutoka Kondoa

Nawasalimu wote. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 20, urefu wake sentimita 168, kilo 49. Tunafuga, maziwa yapo, lakini akinywa maziwa tumbo linajaa gesi na anaharisha. Karanga anakula. Je, nimfanyie nini?

Mwanzilishi wa mada, Veyula

Shikamoo mama. Kwa hesabu ile ya uzito na urefu, kijana wako yuko kwenye 17.4, na kwa urefu wake akifika kilo 52 na robo atakuwa amevuka mstari wa 18.5, kwa hiyo safari yake si ndefu. Kuhusu maziwa, mjaribishie mgando badala ya maziwa yaliyochemshwa, kwa sababu yanapoganda sehemu ya sukari yake hutumika, na wengi wanaosumbuliwa na maziwa ya kawaida huweza kula mgando. Aanze na nusu kikombe pamoja na ugali, si asubuhi akiwa na njaa. Tumbo likikataa hata hayo, mwachishe, na badala yake muongezee karanga zilizotwangwa kwenye uji na kijiko cha mafuta kwenye mboga. Akiendelea kuharisha hata bila maziwa, mpeleke apimwe kama baba yetu wa Singida alivyoeleza.

Mpime Jumatatu asubuhi kabla hajala, kwa mizani ile ile, mara moja kwa wiki. Akipanda robo hadi nusu kilo kwa wiki, msibadilishe kitu. Naomba uturudishie majibu baada ya wiki nne, mama, na wengine mliopita njia hii endeleeni kuandika.