Grupu la taamuli WhatsApp: wiki ya kwanza moto, ya pili kimya. Tatizo liko wapi?

Mshumaa_Tanga

Wakuu, habari za wakati huu. Grupu lina watu 14: wengi wako Tanga na Mombasa, wawili Bujumbura, mmoja Muscat, mmoja London. Makubaliano ni kila mtu afanye taamuli, yaani akae kimya akituliza akili, dakika 20 kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wiki ya kwanza wote wanaripoti, ya pili wanabaki watano, ya tatu ni picha za maua na "asubuhi njema" tu. Naomba msaada kwa wanaojua: dakika na saa zipangweje, simu itumikeje bando likiwa dogo, na grupu liendeshweje lisife? Huyu wa London ameshalalamika kwamba saa hiyo kwake ni saa nane na nusu usiku.

Pumzi_Kumi

Kosa la kwanza ni hizo dakika 20. Kwa asiyezoea ni ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Anzeni na 5, kwa siku 14, na zisiongezwe hata kwa anayejisikia kuongeza. Halafu 8, halafu 12. Ishirini zije mwezi wa tatu, kwa anayezitaka.

La pili, msiifunge kwenye saa, ifungeni kwenye jambo ambalo mtu hulifanya kila siku bila kukumbushwa. Mwislamu: akishatoa salamu ya sala ya alfajiri, asiinuke mswalani. Mwingine: akishapiga mswaki, kabla hajagusa simu. Msichague muda ambao maziwa yako jikoni, maana masikio yote yatakuwa kwenye sufuria. Alamu peke yake haijengi mazoea, mkono huizima kabla akili haijaamka.

Na zile "siku 21" za kujenga mazoea zinazotajwa kila mahali zisahauni. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea madogo, kama kunywa maji au kula tunda kwa wakati uleule. Aliye katikati yao alichukua siku 66, wengine kuanzia 18 hadi 254 (hiyo 254 ni makadirio, utafiti wenyewe ulidumu siku 84). Jambo la kuwaambia wanagrupu ni hili: kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Anayeacha wiki ya pili mara nyingi aliruka siku moja, akaona aibu kurudi.

Namna ya kukaa: hesabu pumzi inayotoka tu, moja mpaka kumi, kisha rudi moja. Ukijikuta uko kumi na saba, ujue akili ilikwenda sokoni. Rudi moja, basi. Pumzi usiivute kwa nguvu. Vidole vikianza kuchonyota na kichwa kuzunguka, umevuta hewa kupita kiasi na kaboni dayoksaidi imeshuka kwenye damu. Iache pumzi ijiendee yenyewe, hali itapita.

Fundi_Bando

Upande wa simu. Programu ya Insight Timer ina kipima muda chenye kengele na ina vikundi, bila malipo. Programu ya Plum Village, ya jumuiya ya Ufaransa iliyoanzishwa na Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam, nayo ni bure. Zote nzuri, ila zina mtego mmoja: mtu anaingia kukaa dakika tano, anatumia saba kuchagua sauti ya kusikiliza.

Kwa bando dogo mimi napendekeza faili moja la MP3, mlitengeneze mara moja mlitume kwa wote. Kwenye kompyuta fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti: weka sekunde 10 za ukimya (za kuiweka simu chini na kunyoosha mgongo), kengele, dakika 5 za ukimya, kengele tena. Hifadhi kwa mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 32 kwa sekunde. Dakika 5 zinakuwa kama MB 1.2, hata ya dakika 20 haifiki MB 5. Simu inawekwa hali ya ndegeni, faili linacheza, hakuna ujumbe unaoingia katikati.

Anayetaka programu badala ya faili, aondoe kizuizi cha betri kwa programu hiyo kwenye mipangilio. Simu nyingi za bei nafuu huua programu skrini ikizimika. Kengele ya mwisho hailii, na mtu anakaa akifungua jicho moja kila baada ya muda kuangalia kama imekwisha.

Mkikaa pamoja kwa Zoom au Google Meet, kengele ndiyo inayosumbua. Programu hizi huchuja kelele, na mlio mrefu usiobadilika zinauona kama feni. Mwenyeji anasikia "ngiiing" tamu, wengine wanasikia "ng" halafu kimya. Zima uchujaji wa kelele kwenye mipangilio ya sauti (Zoom ina chaguo la sauti asilia), au achana na kengele, mwenyeji aseme tu "tunaanza". Maikrofoni iliyo wazi iwe moja, na kamera zizimwe, video ndiyo inayokula bando. Zoom ya bure hukata dakika 40, Meet ya bure dakika 60 mkizidi wawili.

BiMkeka

Saa kwanza. Alfajiri kila mtu akae kwa alfajiri ya kwake. Kukaa pamoja kuwe mara moja kwa wiki, saa tatu usiku ya Tanga na Mombasa: Bujumbura itakuwa saa mbili, Muscat saa nne, London saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. London hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, mkumbusheni. Na kwenye tangazo andikeni zote mbili, "saa 3 usiku (21:00)". Kuna mtu atasoma "saa 3" kwenye simu yenye saa za kizungu na kuamka usiku wa manane.

Sasa grupu. Linauawa na maneno mengi. Fungeni ili admini pekee aweze kuandika. Kila siku anaweka ujumbe mmoja, tarehe tu, na aliyekaa anaweka alama (emoji) juu yake. Soga na maua yahamie grupu la pili, kwa wanaoyapenda.

Mgawane wawili wawili, jozi saba. Mwenza akikosa siku mbili mfululizo, anatumiwa ujumbe wa faragha: "Leo dakika mbili tu." Usimuulize kwa nini, na usimtaje mbele ya watu. Anayeumbuliwa hujitoa kimyakimya. Siku mfululizo msizihesabu kabisa, hesabuni siku tano kati ya saba. Jozi zibadilishwe kila baada ya wiki nne, uadmini kila wiki.

Mshumaa_Tanga

Shukrani sana, wakuu. Mawili yamebaki. Miguu inakufa ganzi, na kuna wanaosema hizi ni ibada za watu wengine.

Pumzi_Kumi

Miguu: nyonga zikae juu kuliko magoti. Kunja blanketi mpaka lifike sentimita 10 hadi 15, kalia ukingo wake wa mbele. Ganzi inatokana na mshipa wa fahamu unaobanwa, na kuvumilia hakusaidii. Kigoda au kiti kinafaa vilevile, nyayo zikiwa bapa sakafuni.

Imani: kwenye kikao cha pamoja bakini na ukimya na pumzi, pasiwe na mantra (neno la ibada linalorudiwarudiwa) ya mtu yeyote. Ndani ya ukimya huo kila mtu ana lake. Waislamu wana dhikri na muraqaba (taamuli ya Kisufi), Wakristo wana kutafakari Neno. Hata Herbert Benson, daktari wa Harvard, aliwaelekeza watu wachague neno au sala fupi ya imani yao wenyewe.

BiMkeka

Nyongeza. Akiwepo aliyepitia jambo zito, naye akifumba macho linamrudia, akae macho wazi akitazama sakafu, au atembee polepole badala ya kukaa. Likizidi, aache na amwone daktari, na mwenza wake aambiwe asimsukume.

Ujumbe wa kesho nimeuandika, nakili: "Jumatatu. Dakika 5. Weka alama ukimaliza."