Magari kugongana mzunguko wa kwanza na mbio za mjini kuboa: mimi nasema ni ugonjwa mmoja, mnabisha?

Mleta mada:
Wakuu habari. Kila wikiendi ya langalanga (Formula 1) tunabishana mambo mawili kama vile hayajuani, leo tunalia magari yamegongana kona ya kwanza, wiki ijayo tunalia mbio za mjini zinatia usingizi. Mimi naona ni ugonjwa mmoja tu. Dereva akishajua barabara ni nyembamba na baada ya hapo hamna tena kumpita mtu, ile dakika ya kwanza anaingia roho mkononi, akikosa hapo ndo imetoka.

Chukueni Monaco 2024. Perez na Magnussen wanabanana kwenye kile kilima baada ya kona ya kwanza, gari la Perez linasambaratika ukutani, Hulkenberg naye anazolewa humohumo, na huko mbele Ocon na Gasly, watu wa timu moja hao, wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Bendera nyekundu, yaani mbio zinasimamishwa. Sasa kichekesho kinaanzia hapa: mbio zikisimamishwa ruksa kubadili tairi, na ukibadili aina inahesabika umeshatimiza lile sharti la kila dereva kutumia aina mbili za tairi kwenye mbio. Kwa hiyo wengi wakavaa tairi mpya wakaenda nazo mpaka mwisho, mizunguko sabini na kitu wanatembea kama msafara wa harusi, na kumi wa kwanza wakamaliza vilevile walivyojipanga kuanza. Haijawahi kutokea kabla ya hapo kwenye langalanga! Sainz tairi lilishapasuka palepale mwanzoni kwa kugusana na Piastri, bendera ikamwokoa, akarudishwa nafasi yake ya tatu na akamaliza wa tatu.

Ombi langu dogo: ubadili tairi kwenye bendera nyekundu ukitaka, ila isihesabiwe. Basi.

Mdau wa 1:
Mkuu nakuheshimu ila hapo unatibu homa unaacha malaria. Monaco ni kilometa 3.337, karibu barabara zilezile tangu mbio za kwanza 1929, halafu magari ya 2024 yana upana wa mita mbili na urefu zaidi ya mita tano, utampitia wapi mtu? Hata ukimlazimisha asimame piti (pale timu inapobadilisha tairi) mara kumi atatoka na kukuta mgongo uleule. Sheria za 2026 zimepunguza sentimita kumi za upana, sijui kama hizo sentimita kumi ndo zitatuokoa lol. Kwangu Monaco ni Jumamosi, dereva anapita milimita kadhaa na ukuta akisaka nafasi ya kuanzia, hamna kitu kitamu kama kile. Jumapili ni sherehe ya kukabidhi kikombe.

Mdau wa 2:
Mnaposema mbio za mjini semeni Monaco, msiwaingize wengine. Baku nayo ni mjini, kuta zipo, ila kuna mnyoosho wa zaidi ya kilometa mbili na mwisho wake kona ya kufunga breki, mtu anakaa nyuma ya mwenzie anavutwa na upepo wake anachomoka. 2017 Ricciardo alianza wa kumi pale akashinda. Las Vegas 2023 watu walicheka kabla haijaanza, mara Leclerc akampita Perez mzunguko wa mwisho kabisa kwa nafasi ya pili. Kwa hiyo kuta sio tatizo, tatizo ni kama aliyechora sakiti amekuachia mahali pa kufungia breki au kakuwekea kona kona tu mpaka unarudi ulikotoka.

Mdau wa 3:
Mzunguko wa kwanza ukipita salama mimi nalala, naamka mitano ya mwisho. Sijawahi kukosa kitu Monaco.

Mdau wa 4:
Mleta mada hoja yako ina tundu kubwa. Spa ya Ubelgiji 2012 ni mjini? Grosjean aliwazoa Hamilton, Alonso na Perez kona ya kwanza kabisa, gari lake likapaa karibu na kichwa cha Alonso, na Spa unaweza kumpita mtu sehemu kibao. Hungaria 2021 Bottas akachelewa breki kwenye mvua akamgonga Norris, vurugu ile ikamtoa Perez na kuharibu gari la Verstappen, upande wa pili Stroll akamzoa Leclerc. Kinachogonga watu ni tairi baridi, breki baridi na magari ishirini au zaidi yanataka kuingia mlango mmoja kwa pamoja, wa nyuma haoni kitu.

Mimi kinachonikera ni adhabu. Grosjean alifungiwa mbio moja na faini ya euro 50,000, na kati ya sababu walizotoa wasimamizi ni kwamba aliwatoa wanaowania ubingwa. Bottas kwa kosa ambalo kwa macho yangu halina tofauti kubwa akapewa kurudishwa nafasi tano mbio zinazofuata, na Perez wa Monaco 2024 na Magnussen wakaambiwa nendeni zenu. Sasa tunaadhibu kosa au tunaadhibu matokeo yake?

Mleta mada:
Hapo umenikamata, naondoa neno "ugonjwa mmoja" kwa Spa. Kwa Monaco siondoi. 2025 pale walilazimisha kila mtu asimame kubadili tairi mara mbili, kilichotokea timu zikatumia dereva mmoja kuwa kizibo, Lawson anatambaa kuzuia wa nyuma ili mwenzie wa timu Hadjar apate mwanya wa kusimama bila kupitwa, timu ya Williams wakafanya hivyohivyo kwa zamu, mpaka Russell akachoka akakata kona akampita Albon kwa makusudi akala adhabu. Na Verstappen alibaki nje mpaka mzunguko wa mwisho hajasimama mara ya pili. Alikuwa anasubiri nini? Bendera nyekundu! Dereva wa kiwango kile anakaa anaomba mwenzie agonge ukuta, na sheria inamruhusu aombe.

Mdau wa 5:
Na wanaosema waacheni wagongane ndo burudani, kaangalieni ajali ya Zhou pale Silverstone, Uingereza, 2022, gari limepinduka linaburuzika kichwa chini mpaka likaruka kizuizi, bila ile halo, fremu ya kumkinga dereva juu ya kichwa, tungekuwa tunaongea mengine. Nayo ilikuwa mita chache tu toka kuanza.

Tukirudi kwenye tairi, ruksa ile haikuwekwa kijinga. Baada ya ajali barabara imejaa vipande vya kaboni, ukimwambia mtu ukibadili tairi unapoteza faida, atabaki na lililokatika aombe Mungu.

Mleta mada:
Sijasema asibadili. Abadili, avae aina ileile aliyokuwa nayo, deni lake la aina ya pili linabaki palepale.

Mdau wa 1:
Na aliyebakiwa hana seti nyingine ya aina ile? Ataleta sababu, nani atahakiki seti gani ilikuwa inafaa na ipi imekatika?

Mleta mada:
Mkuu hawa watu walimfuta Vettel nafasi ya pili Hungaria 2021 kwa sababu lita moja ya mafuta ya kupima haikutoka kwenye tenki. Watashindwa kuhesabu tairi?