Bi mkubwa ana sukari na presha, hataki kuchanjwa korona. Naombeni ushauri

Kitinda mimba wa Kizuiani

Habari za usiku wakuu, poleni na majukumu.

Naombeni mawazo yenu, maana nyumbani tumefika mahali hatusemezani. Mimi ni mtoto wa mwisho, naishi na mama Mbagala Kizuiani. Mama ana miaka 63, sukari huu ni mwaka wa kumi na moja, presha ikaja baadaye. Mimi nauza duka la vitenge Kariakoo, kwa hiyo asubuhi na jioni nipo ndani ya daladala. Ile level siti, ya abiria kukaa wote bila kusimama, haikudumu, sasa hivi tunabanana kama zamani, mtu anakukoholea shingoni na huna pa kugeukia. Nikirudi navua nguo uani, naoga, ndipo naingia kumwamkia. Lakini najua iko siku nitamletea, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mzee wetu alifariki Februari mwaka huu wa 2021. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alipofariki, Jumatano ya tarehe 17, mzee aliisikia taarifa redioni akiwa kitandani. Akasema "Inna lillahi", kikohozi kikamshika upya. Jumapili yake tukamzika. Karatasi ya hospitali iliandikwa nimonia, mtaani tukasema changamoto ya kupumua kama kila mtu alivyokuwa akisema. Neno korona halikutajwa na yeyote.

Mama amekaa eda humu humu ndani, miezi minne na siku kumi, ametoka mwishoni mwa Juni. Hata mwezi haujapita vizuri, tarehe 24 Julai zikaingia zile dozi 1,058,400 za chanjo ya korona ya Janssen kutoka Marekani, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu, nchi nzima inatazama. Tuliangalia pamoja. Mama alitazama mpaka mwisho, hakusema kitu, nikajua hapa hakuna shida. Nilipomgusia wiki iliyofuata akasema hataki. Kwa nini mama? "Sitaki tu."

Kaka yangu aliyeko Tabata ndiye anayemtia nguvu. Kila siku anamtumia video, mara sumaku inanasa begani, mara waliochanjwa wote watakufa baada ya miaka miwili. Juzi nilimjibu kaka vibaya kwenye simu, sauti juu, mama anasikia. Akainuka akaingia chumbani. Hakula usiku ule.

Wenye wazazi wa umri huu, mlifanyaje? Mimi mwenyewe bado sijachanjwa, namsubiri twende wote. Nawasilisha.

Mkazi wa Kongowe

Pole kwa msiba dada. Mimi nasema upande wa pili, na sisemi kwa ubishi.

Januari hii hii tuliambiwa chanjo hazifai, tujifukize na tumtegemee Mungu. Julai tunaambiwa zinafaa. Mtu mzima kama mama yako kayasikia yote mawili kwa masikio yake, sasa akisita unamlaumu kwa lipi? Kwangu wimbi lile la mwanzo wa mwaka tumepiga nyungu kila jioni: mkaratusi, mchaichai, malimao, sufuria katikati, blanketi juu, watu sita. Hakuna aliyelazwa. Na hiyo Janssen Wamarekani wenyewe waliisimamisha kwa habari ya damu kuganda. Halafu ukifika kituoni unapewa fomu usaini kwamba umekubali mwenyewe. Kama ni salama, sahihi yangu ya nini? Nikijibiwa hilo, na mimi naenda.

Nesi wa zamu

Kaka wa Kongowe umeuliza vizuri, ngoja nikujibu ninachokijua.

Ni kweli Marekani waliisitisha, Aprili 13. Wanawake sita, wote wa miaka kati ya 18 na 48, walipata damu kuganda, wakati huo watu karibu milioni saba wameshachomwa. Wakaichunguza siku kumi, wakairudisha na onyo limeongezwa. Mimi jambo hilo lilinipa imani badala ya kunitisha, kwa sababu sita kati ya milioni saba walionekana na kazi ikasimama kwa ajili yao. Mama wa miaka 63 mwenye sukari na presha, hatari yake kubwa iko kwenye ugonjwa wenyewe. Nimewaona hao wakiletwa. Asubuhi anaongea, jioni hawezi kumaliza sentensi.

Haizuii kila mtu asiambukizwe, anayekuambia hivyo anakudanganya. Kazi yake ni kuzuia usifike kwenye mtungi wa oksijeni. Kwenye majaribio ilipunguza ugonjwa mkali kwa asilimia 85, ukihesabu kuanzia siku ya 28.

Nyungu simkatazi mtu, pua ikifunguka unapata nafuu. Ila ule mvuke hauui kirusi kilichoshuka kifuani. Na watu sita chini ya blanketi moja, mmoja wenu akiwa nacho, amewagawia wote. Mwaka jana nimesafisha vidonda vya watoto wawili waliomwagikiwa na sufuria ya nyungu, mmoja ameungua kifua chote. Naomba sana, watoto msiwaweke humo.

Fomu: chanjo ni hiari. Mle unaulizwa maradhi uliyonayo, kama kuna dawa au sindano iliwahi kukudhuru, halafu unakubali au unakataa. Bila sahihi yako hakuna mwenye ruhusa ya kukugusa.

Na mimi nilisita, nisijifanye. Zilipofika kituoni kwetu niliacha siku nne zipite.

Mjomba Buguruni

Unajitesa bure. Mwambie ni sindano ya sukari, akishachomwa utamweleza taratibu.

Nesi wa zamu

Hapana mjomba, hapo hapana kabisa. Mgonjwa wa sukari anaishi kwa kumwamini anayempa dawa. Siku akigundua, hatameza tena kidonge kilichotoka mkononi mwa binti yake, na hapo utakuwa umemuua kwa njia nyingine. Dada usithubutu.

Bajaji Tandika

Dada mimi nimelazwa Julai, siku tisa. Sina elimu ya mambo haya, nitakueleza nilichokiona.

Kwenye mtungi wa gesi kuna kichupa cha maji, hewa ikipita yanatoka mapovu. Usiku nilikuwa siwezi kulala chali wala ubavu, nimekaa tu naangalia mapovu. Yakianza kupungua najua gesi inaisha, nagonga chuma cha kitanda mpaka nesi aje, maana sauti ya kuita sina. Kitanda cha pili alikuwepo fundi rangi, kijana kuliko mimi, ana kifua cha mcheza mpira. Usiku ule wa nne alikuwa ananiuliza bei ya bajaji iliyotumika. Asubuhi nimeamka godoro lake limekunjwa.

Nilisubiri nguvu zirudi, Jumamosi nimechanjwa. Mkono uliuma siku mbili.

Mama Wanne

Mwanangu, nina miaka 66, niruhusu niseme kama mama.

Umemuuliza mara moja, akasema "sitaki tu", wewe ukahamia kugombana na kaka yako. Mtu mzima akisema sitaki tu ana neno ndani. Mama yenu ndiye aliyewabeba kliniki nyote. Angalia bega lako la kulia, lile kovu ni la chanjo ya kifua kikuu, yeye ndiye aliyekushika wakati unalia. Surua alikupangia foleni. Ndui ilikuwepo tukiwa wadogo sisi, tunawajua waliobaki na makovu usoni, na tumeona ilivyokwisha. Mwanamke wa namna hiyo haogopi sindano, tena mwenye sukari aliyezoea kutobolewa vidole. Kuna kitu kingine.

Zima simu, zima hiyo televisheni, kaeni mnachambua mboga. Muulize habari ya baba. Chanjo usiitaje. Halafu nyamaza, hata akikaa robo saa bila kusema usimjazie maneno.

Kitinda mimba wa Kizuiani

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako mara nyingi. Kesho nina mapumziko, nitajaribu.

Kitinda mimba wa Kizuiani

Wakuu nimerudi. Ni siku ya tatu tangu niongee naye na mpaka sasa mikono inatetemeka kuandika.

Tulikuwa tunachambua mchicha. Nikamuuliza, mama, ule usiku wa mwisho wa baba ulikuwaje? Sisi watoto hatukuwepo pale. Kaka alikuwa anahangaikia hela, mimi nilitumwa dawa ambayo pale hospitali haikuwepo, nimezunguka maduka ya dawa matatu. Alinyamaza muda mrefu, anakata mizizi tu, anaipanga pembeni mmoja mmoja.

Akasema waliletewa karatasi. Aliambiwa mzee anahamishiwa mashine ya kupumulia, asaini. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani, hakuisoma. Akamuuliza aliyeileta, "Atapona?" Akaambiwa, "Saini kwanza mama." Akasaini. Alfajiri mzee akawa hayupo.

Miezi sita hii mama anaamini sahihi yake ndiyo iliyomuua mumewe. Eda nzima alikuwa nayo peke yake, sisi tunamwona anashika tasbihi tunasema anaomboleza. Halafu mwenzake wa madrasa ya kina mama alipokwenda kuchanjwa akamsimulia, "Wanakupa karatasi unasaini." Ikaishia hapo. Video za kaka kumbe hata hafungui, anamjibu "sawa baba" ili asimkasirishe.

Nilikuwa nimempangia majibu ya sumaku, ya miaka miwili, ya Wamarekani. Nikakaa pale nimeshika mchicha sina neno hata moja. Dada nesi, nimwambie nini?

Nesi wa zamu

Pole mpendwa. Mpe pole mama pia.

Mwambie hivi, na useme imetoka kwa mtu aliyesimama kwenye wodi hizo. Mashine ile haiombwi mapema. Inaombwa mapafu yakiwa yameshashindwa na oksijeni ya kawaida haitoshi tena. Sahihi yake haikumpeleka mzee mahali pabaya, alikuwa tayari yuko pabaya, na yeye aliwapa ruhusa ya kujaribu kitu cha mwisho kilichokuwepo. Asingesaini, leo angekuwa anajiuliza kwa nini hakusaini.

Na yule aliyemwambia "saini kwanza" alimkosea. Alistahili kukaliwa chini dakika tano na kuelezwa. Mimi najua zile zamu, najua tulivyokuwa tunakimbia, lakini hilo halimrudishii mama dakika zake. Hebu usimfiche hilo.

Kuhusu hii ya sasa, nenda kituo cha jirani, waombe fomu moja tupu. Mpelekee nyumbani, aisome akiwa na miwani yake, kwa muda anaoutaka yeye. Akisema hapana baada ya kuisoma, iheshimu.

Mkazi wa Kongowe

Dada, mimi ndiye niliyeanzisha habari ya fomu hapa. Niliuliza kama swali la kushinda mabishano. Sikujua kuna mtu analala nalo. Naomba radhi, na mfikishie mama salamu zangu. Ile fomu na mimi nitaitafuta niisome mstari kwa mstari.

Mama Wanne

Umefanya vema mwanangu. Sasa mpigie kaka yako umweleze usiku ule. Na yeye hajui.

Kitinda mimba wa Kizuiani

Salaam wakuu, leo ni Jumapili.

Jumanne nilienda nikachanjwa mwenyewe, sikumsubiri tena. Nikaomba fomu tupu, kijana wa pale akashangaa kidogo, nilipomweleza akanipa mbili. Usiku homa ilinipanda, viungo vyote vinauma, mama akakesha kwenye kiti mlangoni kwangu. Asubuhi niko mzima nafua. Aliniangalia sana nikifua.

Fomu aliisoma siku mbili. Miwani yake kumbe imepasuka kioo, akatumia ya marehemu. Kila akikwama ananiita, "Hapa wanasemaje?" Kuna mahali alirudia kusoma kwa sauti, pale pa kukubali au kukataa.

Jana akaniambia twende. Foleni ilikuwa fupi. Alikaa mbele ya yule dada wa chanjo akamuuliza maswali matatu: dawa zake za presha aendelee nazo? Ikimdhuru ampigie nani? Akibadilisha mawazo sasa hivi itakuwaje? Yule dada, Mungu ambariki, aliweka kalamu chini akamjibu moja moja. La tatu akamwambia, "Unarudi nyumbani mama, hakuna neno." Ndipo akaichukua ile kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja.

Kaka nilimpigia nikamwomba radhi, nikamsimulia ya karatasi. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Leo asubuhi amekuja. Hajataja chanjo, amekaa tu na mama mkekani, kamletea machungwa.

Sasa tangu saa tatu usiku mama ana homa na kichwa kinamgonga. Ana vidonge vyake vya presha na metformin ya sukari. Panado nimpe? Kaka ana Diclofenac ya maumivu mfukoni anataka kumpa.

Nesi wa zamu

Panado mpe, vidonge viwili, anaweza kurudia baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Diclofenac kaka airudishe mfukoni, haifai kwa mwenye presha. Dawa zake asiache hata moja. Maji mengi. Homa hupandisha sukari, kwa hiyo mpime sasa na asubuhi. Ndani ya wiki tatu akipata kichwa kikali kisichotulia kwa dawa, tumbo kuuma sana, mguu kuvimba au pumzi kukata, msingoje kuche, mpelekeni hospitali na mseme amechanjwa lini.

Kitinda mimba wa Kizuiani

Nimempa. Sukari 9.4. Ameomba uji wa ulezi, kaka ndiye anaukoroga.