Breka ikianguka mnaweka kubwa zaidi, waya ule ule! Mafundi wa mota Unguja na Pemba, hadi lini?

Hili sasa limezidi. Ingia chumba chochote cha mashine huku kwetu, kiwanda cha barafu, pampu ya maji, hoteli ya mwambao, ufungue boksi la umeme utazame. Mota ya kilowati 15, waya wa 6 (milimita 6 za mraba), na juu yake breka ya ampea 63. Uliza kwa nini 63, utajibiwa: "Ya 32 ilikuwa inaanguka, ya 40 nayo ikaanguka." Kwa hiyo mtoto akilia dawa ni kumziba mdomo?

Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo inayokimbiwa. Kilowati 15, volti 400, cosfai (kigezo cha nguvu) 0.85, ufanisi 0.90. Gawa 15,000 kwa 1.73 × 400 × 0.85 × 0.90, unapata ampea 28. Namba hiyo imeshaandikwa kwenye kibao cha mota, hata kalkuleta huhitaji. Mota hii ukiiwasha moja kwa moja, bila sta-delta (kiwashio cha kuanza polepole), inavuta mara 6 hadi 8 kwa sekunde chache, yaani ampea 170 mpaka 225. Herufi ya breka inaonyesha inavumilia mvuto wa ghafla kiasi gani: breka ya C inaruhusiwa kukata papo hapo popote kati ya mara 5 na mara 10 ya namba yake. Kwa C32 ni kuanzia ampea 160. Sasa isianguke ina nini? Haijaharibika, herufi ndiyo siyo. D inaanzia mara 10, kwa hiyo D32 haikati papo hapo chini ya 320, na kama mzigo ni mzito na mota inachelewa kushika mwendo, weka D40. Basi. Hiyo 63 imetoka wapi?

Halafu breka si mlinzi wa mota! Kazi yake kubwa ni kukata shoti. Mota inalindwa na ovalodi (kifaa kinachokata mota ikivuta ampea za kupita kiasi) iliyo chini ya kontakta (swichi ya kuiwasha mota), nayo inawekwa namba ya kibao, 28. Tunazikuta zimezungushwa mpaka mwisho "zisisumbue". Kwenye sta-delta kosa ni jingine: ovalodi ikikaa chini ya kontakta kuu, kwenye waya zinazoingia mota, inapitiwa na 0.58 tu ya ampea za laini. Iwekwe 16. Ukiiacha 28, mota itavuta 48 na ovalodi imelala fofofo.

Waya ndio unaonitia hasira zaidi. Jedwali la uwezo wa waya linasema waya wa 6 wenye ganda la PVC ndani ya bomba, fezi tatu (nyaya tatu za moto), unabeba ampea 36. Watu wanasoma hapo wanafunga kitabu. Namba ile ni ya joto la nyuzi 30 na saketi moja peke yake. Chini ya bati, mchana wa kaskazi, hesabu nyuzi 40: zidisha kwa 0.87. Bomba hilo hilo umepitisha saketi tatu: zidisha kwa 0.70. Ile 36 imebaki 22, na mota inataka 28. Waya haulipuki siku hiyo, unapikika. Miezi kadhaa baadaye ukunje karibu na terminali, ganda linakatika kama kaukau. Hapo unaofaa ni wa 10: 50 yake inabaki 30, kwa kubana.

Na umbali. Pampu iko mita 120 kutoka kwenye bodi. Waya wa 6 unapoteza milivolti 6.4 kwa kila ampea kwa kila mita, jumla volti 21 na ushei, zaidi ya 5% ya 400. Wa 10 unapoteza 13. Lakini si volti tu. Fezi ikigusa ganda la mota kule mwisho, kwenda na kurudi kwa waya wa 6 ni omu 0.74. Gawa 230 kwa hiyo: ampea 310, haziwezi kuzidi. D63 haikati papo hapo chini ya 630. Itasubiri ipate joto kwanza, na kwa ampea 310 waya wa 6 unafika nyuzi 160, mwisho wa uvumilivu wa PVC, kwa sekunde kama 5. Nani atamaliza kwanza, breka au waya? Mnabahatisha na paa la mtu.

Jibu la 1
Yakhe, hesabu yako imechukulia ethi (waya wa ardhini) inarudi kwenye transfoma kwa waya wa shaba. Nenda Makunduchi, Jambiani au Micheweni. Fimbo ya ethi inagonga jiwe futi mbili tu, fundi anaikata kwa msumeno, anafukia kichwa na kusema tayari. Ethi ya omu 40 inapitisha chini ya ampea 6, hata breka ya 10 haitajua. Kwenye mawe huwezi kukwepa breka ya kuvuja umeme (inayokata umeme ukivujia ardhini), miliampea 300 kwa mota. Na badala ya kupigana na jiwe, chimba mtaro, laza tepu ya shaba, fukia kwa udongo, kisha PIMA. Chumvi msitie, inakula shaba.

Jibu la 2
Fundi mnamwonea. Mwenye mashine ananunua waya mwenyewe, wa bei poa, anamletea fundi afunge. Waya wa 6 wa kweli una nyuzi 7, kila mmoja milimita 1.04. Chukua mikromita. Kisha kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Roli ya mita 100 ipime, omu 0.31 hivi. Ikisoma 0.45 rudisha dukani.

Mwenye uzi
La waya feki nakubali. Lakini kuzungusha ovalodi mpaka mwisho nako kafanya mwenye mashine? Fezi moja ikipotea, mbili zilizobaki zinapanda karibu mara 1.73, hiyo 28 inakuwa 48. Breka ya 63 inatazama tu. Ovalodi ikiwa 28 inakata, ikiwa 40 inajikokota huku waindingi (koili za ndani ya mota) inanuka, kisha mota inapelekwa kusukwa upya. Fungeni na kifaa cha kulinda fezi, mota moja kusukwa ni ghali kuliko hicho.

Jibu la 3
Kaka, mota ya kilowati 7.5 ya kisima, mita 80, bomba peke yake, inawashwa moja kwa moja. Nimeambiwa waya wa 4 unatosha?

Mwenye uzi
Ampea kama 15. Kwa joto wa 4 unabaki 24, unatosha, na volti zinapungua 11 tu. Lakini shoti ya mwisho wa waya wa 4 ni ampea 310, na D20 inaweza kudai mpaka 400, mara 20 ya namba yake, ndipo ikate papo hapo. Wa 6 unatoa 465. Vuta wa 6, D20, ovalodi 15. Ethi soma Jibu la 1. Ikianguka usibadilishe breka, kamata klampu mita (kipima ampea cha kubana waya) upime fezi zote tatu, uandike hapa.