Madaraja ya reli ya zamani hapa Uingereza: tupeane uzoefu

Mla Visheti
Wakuu habari zenu. Mlioko huku, tupeane uzoefu wa haya madaraja ya matao waliyojenga enzi za Malkia Victoria. Naanza mimi.

Jumatano nilikuwa Knaresborough, Yorkshire. Ndiyo siku yao ya gulio. Nikanunua jibini na mkate, nikateremka ngazi hadi mto Nidd, nikakodi boti ya makasia. Matao manne ya mawe, kingo za juu zimechongwa menomeno kama boma, maana pale jabalini kuna magofu ya ngome na walitaka vifanane. Treni ya kwenda York ikapita juu, njiwa wakatimka, kasia likaniponyoka.

Mzee wa boti akacheka, akasema shukuru hili la pili halianguki. La kwanza lilikaribia kukamilika, tarehe 11 Machi 1848 likaporomoka lote mtoni. Kifusi kikaziba maji, chokaa ikaua samaki. Walilipua kazi! Treni za kutoka York zikawa zinaishia nje ya mji mpaka hili lilipofunguliwa Oktoba 1851. Hapo bado miaka 50 reli ya Mombasa ifike Kisumu.

Binti Pangani
Kaa na manne yako 😀 Mimi niko Stockport: matao 27, matofali kama milioni 11, lilikamilika 1840. Miaka ya 1880 wakaliongeza upana zikapita njia nne.

Nimelipita karibu miaka miwili kila alfajiri nikienda zamu Manchester, sijui kama niko darajani! Kwenye treni unaona mapaa tu. Siku ya mgomo nikashuka bondeni kutafuta basi, nikainua kichwa. Mama wee. Barabara ya M60 inapenya ndani ya matao, malori na yote. Basi lenyewe likaniacha.

Dereva wa Usiku
Yarm. Matao 43, 1852. Nimemaliza.

Haya, naongeza. Napeleka vifurushi. Kuna nyumba zimekaa karibu na nguzo kama vifaranga kwa mama yao. Bibi mmoja anasaini, treni ikanguruma juu yetu, mimi nikainama. Yeye wala. Akaniuliza, "Umeangusha kitu, mwanangu?"

Kijana wa Ujiji
Swali: kwa nini hawavunji wakajenga ya kisasa?

Mla Visheti
Avunje nani, na yanabeba treni kila siku? Tao halina shida na mzigo, mdogo wangu. Ukilikandamiza, mawe yanazidi kubanana. Adui yake ni maji yakipenya ndani, au msingi ukicheza.

Binti Pangani, Jumamosi nakuja Stockport. Hiyo njia ya kushuka bondeni inaanzia wapi ukitoka stesheni?

Binti Pangani
Njoo na hiyo jibini kwanza.