Re: Seva ya barua pepe nyumbani kwa ndugu walio mbali

> Asalaam aleikum wote. Nipo Leicester, nina kompyuta ndogo nataka iwe seva ya barua pepe ya familia. Mama yuko Tanga, kaka yuko Muscat. Nimeweka Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot (ya kuzisomea), barua zinaingia vizuri, ila nikituma hazifiki. Nimekosea wapi?

Waaleikum salaam dada,

Hujakosea. Kampuni nyingi za intaneti ya majumbani hufunga poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, kwa barua zinazotoka, maana kompyuta za nyumbani zikiingia virusi humwaga barua taka usiku kucha. Hata ukifunguliwa, Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, wana orodha ya anwani za IP (namba za mtandao) za majumbani, na seva nyingi zikiikuta yako humo hukukatalia hapohapo. Mimi hapa Hamburg nilihangaika na hili miezi miwili, nagusa kila mstari wa mipangilio, kumbe mipangilio ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Kupokea endelea nyumbani. Kutuma, pitishia kwenye seva ya kukodi yenye IP ya kudumu. Katika Postfix ni ule mstari wa relayhost, unaotaja seva ya kupitishia. Kabla hujalipa, waulize wakodishaji kama poti 25 kwao iko wazi na kama utaweza kuweka rekodi ya PTR (inayoonyesha IP ile ni ya jina gani) yenye jina la seva yako. Kisha SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) na DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua). Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau moja kati ya hizo mbili. Weka zote.

Sasa mama na kaka. Usije ukaongeza mtandao wa Muscat kwenye mynetworks (orodha ya mitandao inayoruhusiwa kutuma bila nywila) ili kaka aweze kutuma! Kila aliye kwenye mtandao ule atatuma kwa jina lako. Kila mmoja awe na nywila yake: kusoma kwa IMAP poti 993, kutuma kwa poti 465.

Cheti cha Let's Encrypt, kinachothibitisha kuwa seva ni yako, ni cha bure, lakini hakikisha kinajisasisha chenyewe. Changu kiliwahi kuisha muda, mama akanipigia ana wasiwasi, simu inamwonyesha onyo. Nikamwambia bonyeza tu uendelee. Hilo najutia hadi leo, kwa sababu nilimfundisha kupuuza onyo ambalo siku nyingine lingemwokoa.

Umeme ukikatika usihofu, seva za wenzako hujaribu tena. Postfix yenyewe hushikilia barua siku 5. Kinachohitaji hofu ni diski. Weka nakala nyumba nyingine kabisa.

> Ahsante sana kaka. Nimewapigia kampuni yangu ya intaneti, kweli poti 25 imefungwa na hawafungui kwa wateja wa nyumbani. Nimepata seva ya kukodi, PTR wanaruhusu. DKIM niifanyie wapi, nyumbani au kule?

Nyumbani, barua itoke imeshatiwa sahihi. Ufunguo wa siri usikae kwenye mashine ya kukodi. Ule wa wazi, wa kukagulia sahihi, ndio unaoweka kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao.